Vifurushi Kumi na Kimoja vya Kiingereza

Umevaa shati. Kama hujalivaa, basi limening'inia nyuma ya mlango wako. Na tangu ulipolinunua hujaigeuza kola yake hata siku moja ukatazama ndani, ukajiuliza ni nani aliyezisukuma zile pembe mbili zikachongoka pasipo kutoboka. Kila asubuhi unapita mbele ya geti la kiwanda, unawaona watu wanapekuliwa mikoba yao, nawe unainamia simu mpaka uvuke. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe itabidi uambiwe. Basi tazama.

Aliyeishona kola hiyo anaitwa Mama Kola. Jina lake la kwenye kitambulisho lipo, ila kiwandani, katika mstari wa nne wa cherehani, hakuna anayelikumbuka, na siku karani alipoliita kwa kipaza sauti yeye mwenyewe aligeuka kuangalia ni nani anayeitwa. Ana miaka kumi na saba kwenye kiti kile kile. Anapokea kola ya juu, kola ya chini na kitambaa kigumu cha kati, anavishona pamoja, anapunguza ncha kwa mkasi, anageuza, anasukuma pembe kwa kijiti cha mwanzi, halafu anapitisha mshono wa juu. Sekunde arobaini na mbili. Kifurushi kimoja kina kola ishirini.

Akimaliza kifurushi hainuki. Ananyoosha mkono. Mchukuzi anakuja, anaondoa kilichokwisha, anaweka kingine. Kuinuka kitini bila ruhusa ni onyo la maandishi, na onyo la tatu ni kwenda nyumbani moja kwa moja. Sheria hiyo imebandikwa ukutani kwa maneno marefu ya ofisini. Wafanyakazi wameifupisha: mkono juu, makalio chini.

Mama Kola amewafundisha wageni wengi sheria hiyo kabla hata ya kuwafundisha kutia uzi. Wanne kati yao wamekuwa masupavaiza wake. Wa kwanza hakujua sindano inaingizwa uzi kutoka upande gani. Wa pili alijishona kidole, na Mama Kola akamfunga kwa kipande cha kola na kumsitiri kwa wakubwa. Wa tatu alikuwa akilala stoo. Wa nne ndiye huyu wa sasa, kijana mwenye adabu, anayemwita "mama" na kumkata dakika akichelewa kutoka chooni. Wote walikuja na cheti cha chuo. Wote walikaa mwezi mzima kando ya kiti chake wakitazama vidole vyake, kisha wakahamia meza ya mbele, ile yenye feni. Haya yawekwe akilini, maana watu husahau upesi nani alimfundisha nani.

Mwaka huu likabandikwa tangazo karibu na saa ya kuingilia. Kijana anahamishiwa ofisini. Meza ya mbele ya mstari wa nne itakuwa wazi. Kiwanda kitampeleka chuoni mfanyakazi mmoja mzoefu kwa miezi tisa, na akirudi na cheti, meza ni yake. Mstari wa nne wakamtaja Mama Kola kabla gundi ya tangazo haijakauka. Lakini chini kabisa, kwa herufi za kutambaa kama sisimizi, kulikuwa na sharti: chuo hakimpokei mtu asiyepita mtihani wa kusoma Kiingereza wa ngazi ya chuo, wenye sehemu mbili, msamiati na ufahamu. Mteule ana nafasi mbili za kuufanya. Akianguka zote mbili, kiwanda kitaajiri mtu wa nje.

"Mtu wa nje ndiye huyo wa tano," alisema Bi Vifungo, mama mtu mzima anayetoboa vitundu vya vifungo na kuvaa miwani yenye kamba. "Atakuja, utamfundisha kutia uzi, atakwenda kukaa kwenye feni."

Katika mstari wa nne Kiingereza hutumika mara mbili kwa siku, supavaiza anapojaza fomu ya asubuhi na anapojaza fomu ya jioni. Fomu zote mbili ni za namba tupu. Hakuna aliyeuliza ufahamu wa ngazi ya chuo unaingia wapi hapo. Waliowahi kuuliza maswali ya namna hiyo hawapo tena kwenye mstari.

Mama Kola alisoma mpaka kidato cha pili. Yeye akaondoka, shule ikabaki. Kiingereza alichokuwa nacho ni kile cha kwenye lebo: fua kwa maji baridi, usikamue, piga pasi ya wastani. Kitabu kikapatikana kwenye droo ya meza ya kukatia, alikokisahau yule supavaiza wa pili, wa kidole. Kilikuwa kitabu cha mazoezi ya mtihani huohuo, kurasa mia mbili na ishirini, kingo zimeliwa na mende.

Aliyekiona ni Mkataji, bwana wa kisu cha umeme, mrefu kama ngazi, anayekata tabaka themanini za kitambaa kwa mpigo mmoja na kucheka kwa mpigo huohuo. Alikipima mkononi.

"Dada, ukikisoma hiki peke yako utakimaliza umeshakuwa bibi."

"Sasa nifanyeje?"

"Shati unalishona peke yako?"

"Hapana."

"Basi na kitabu kwa nini ukisome peke yako?"

Akakilaza mezani, akakibana kwa mbao, akawasha kisu. Uti wa kitabu ukatoka wote, safi, kama mfupa wa samaki. Kurasa akazigawa mafungu kumi na moja, sawa na watu wa mstari wa nne, kila fungu likafungwa utepe wa kitambaa na kuandikwa namba kwa chaki. Msamiati kwa watu wa mikono, mifuko na mabega. Ufahamu kwa watu wa mwisho wa mstari.

"Mimi nipeni kurasa za nyuma," alisema Bi Vifungo. "Nyuma ndiko kwenye majibu."

"Majibu anashika mkaguzi," alisema Mkataji. "Tangu lini mshonaji akajikagua?"

Usicheke. Hawa ni watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushona shati zima kazini. Mwenye mfuko anajua mfuko. Mwenye bega anajua bega. Shati huwa shati mbali na macho yao, ndani ya boksi. Kitabu walikifanyia jambo lilelile walilojifunza kwa mikono yao.

Na kwa muda ilifanya kazi. Kila mmoja alichukua kifurushi chake kwake. Jioni aliandika maneno kwenye vipande vya karatasi ya kuchorea mitindo, Kiingereza mbele, Kiswahili nyuma, akiuliza watoto wa shule, majirani, hata mzee wa kanisani aliyewahi kuwa karani. Asubuhi kila kifurushi cha kola kilimfikia Mama Kola kikiwa na neno katikati. Alilisoma vidole vikiendelea, akaliweka chini ya paja, akamaliza, akanyoosha mkono. Vifurushi thelathini kwa siku, maneno thelathini. Neno la ukaidi lilitoka kwa bwana wa mikono ya shati, ambaye ni mkaidi kweli, basi likamkaa kichwani na sura yake. Neno la wingi na neema lilitoka kwa binti wa mifuko, mwembamba kama uzi namba arobaini. Neno la kusitasita lilitoka kwa mama wa pindo, ambaye hata salamu huitoa kwa nusu. Kamusi ya Mama Kola ilikuwa na watu ndani.

Siku moja kijikaratasi kilipitiliza, kikashonwa ndani ya kola, na shati likaenda zake ng'ambo.

"Huko kwa wenzetu kuna mtu amevaa ukaidi shingoni," alisema Mkataji.

"Mkewe atakoma," alisema Bi Vifungo.

Nyumbani wifi yake, anayekaa naye, alimtazama akiosha vyombo huku midomo ikicheza.

"Wifi, Kiingereza chote hicho utaongea na nani? Na cherehani?"

"Na supavaiza."

"Si supavaiza utakuwa wewe?"

"Basi nitaongea peke yangu. Mkiniona hivyo mjue nimepanda cheo."

Ufahamu ndio ulioleta tabu. Maneno hugawanyika, habari haigawanyiki. Ndani ya kifurushi cha sita kulikuwa na habari ya mji uliojengwa ukingoni mwa mto. Mto ukabadili njia yake, ukauacha mji umekaa pembeni ya mchanga mtupu. Watu wa mji wakakutana kuamua kama wahame kuufuata mto au wabaki na nyumba zao. Ukurasa ukaishia hapo. Uliofuata ulikuwa kwenye kifurushi cha saba, kwa mama wa kafu, anayeshona ncha za mikono ya shati, na kila mapumziko ya mchana mama huyo alikuwa kwenye foleni ya bomba mpaka kengele. Siku ya nne Mama Kola alimwuliza wakipishana mlangoni:

"Walihama?"

"Nani?"

"Watu wa mto."

"Bado sijafika huko, mwenzangu. Nikifika nitakwambia."

Kabla hajafika, alikuta barua ya kuachishwa kazi kwenye kadi yake ya kuingilia. Aliondoka na mkoba wake, na kifurushi cha saba kikiwa ndani yake. Kifurushi cha nne alikikamata supavaiza chini ya cherehani, akakitia kwenye droo yake bila kusema neno. Alikifungua, walimwona akikifungua. Alijua ni kurasa za nini. Mtihani huo aliufanya yeye mwenyewe miaka mitatu nyuma, katika ukumbi uleule ambamo Mama Kola angeufanya.

Wiki tatu kabla ya mtihani walianza kumjaribu. Walifanyia kwenye stoo ya majora ya kitambaa, wakati wa chakula cha mchana, Mama Kola amekaa juu ya jora la bluu na ubao magotini. Bi Vifungo ndiye msimamizi wa mtihani, kwa sababu ana miwani. Alimpa kurasa za msamiati zilizofungwa utepe. Mwisho wa kurasa hizo kitabu kilichapwa kwa herufi nzito: simama, huu ni mwisho wa sehemu ya kwanza. Mama Kola alisimamisha kalamu, akanyoosha mkono. Bi Vifungo akaja, akaondoa kifurushi cha msamiati, akaweka cha ufahamu, zile habari fupi za ukurasa mmoja.

"Safi," alisema Mkataji kutoka mlangoni alikolinda. "Unafanya kama umezaliwa chuoni."

Walifanya hivyo mara tatu. Hapo ndipo kosa liliposhonwa, tena kwa uzi imara, na watu wanaompenda.

Siku ya mtihani ilikuwa Jumamosi asubuhi. Ukumbi ulikuwa na viti sitini, na karibu wote waliokaa walikuwa rika la watoto wake. Alivaa blauzi aliyoishona mwenyewe, yote, kuanzia kola hadi pindo, labda ndiyo nguo pekee nzima aliyoishona mwaka ule. Msimamizi alikuwa mtu wa makamo mwenye sauti kavu. Alisoma masharti kwa Kiingereza cha haraka, na Mama Kola aliyasikia maneno moja moja, kama vifungo vinavyodondoka sakafuni. Sharti la mwisho ndilo alilolielewa lote bila kuokota chochote: anayemaliza anyooshe mkono, asiinuke kitini.

Hilo alikuwa analijua kwa miaka kumi na saba. Mabega yalimshuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Akafungua kijitabu. Maneno sitini. Bwana wa mikono alikuwemo, na ukaidi wake. Binti wa mifuko alikuwemo. Mama wa pindo alikuja mara mbili. Aliwapitia mmoja mmoja kama anayesalimia watu barabarani, na yale mawili asiyoyajua aliyawekea alama akaenda mbele. Dakika thelathini na moja. Chini ya neno la sitini kulikuwa na herufi nzito zilezile: simama, huu ni mwisho wa sehemu ya kwanza. Akaweka kalamu. Akanyoosha mkono.

Msimamizi alikuja, akamtazama, akatazama saa ya ukutani, akachukua kijitabu. Hakuuliza. Mkono ulionyooshwa ulikuwa umeshasema. Alikitia ndani ya bahasha kubwa, akaifunga kwa gundi, akaandika namba juu yake.

Mama Kola aliweka mikono magotini akasubiri. Kwenye mstari mtu asiye na kifurushi hatazami huku na huku. Anakaa, anapumua, kinaletwa. Alipumua. Kulia kwake msichana aligeuza ukurasa. Kushoto mvulana aligeuza ukurasa. Aliona ni watu wa polepole, bado wako kwenye maneno. Dakika kumi na moja alizisubiri hivyo, mgongo wima, tayari.

Msimamizi alirudi akainama, akasema kwa Kiingereza: "Unaweza kwenda, mama."

"Naisubiri sehemu ya pili."

 Yule bwana alitazama meza tupu, kisha bahasha, kisha akaacha Kiingereza chake.

"Mama, ilikuwa humohumo. Ukurasa wa nyuma."

"Basi nipe niendelee. Muda si upo?"

"Upo. Saa nzima ipo. Lakini karatasi ikishafungwa haifunguliwi. Sheria si yangu."

"Najua," alisema Mama Kola. "Sheria huwa si za mtu."

Aliomba ruhusa ya kuinuka. Akapewa. Akainuka.

Jumatatu aliwaeleza akiwa anashona, hakupunguza mwendo wa mashine. Mkataji alisikiliza mkono wake ukiwa juu ya kitambaa.

"Ni mimi niliyekikata," alisema.

"Ni mimi niliyekuja kuchukua karatasi kila uliponyoosha mkono," alisema Bi Vifungo, akavua miwani yake akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Mara tatu, kama mchukuzi."

"Acheni kugombea," alisema Mama Kola. "Kosa lenyewe dogo, halitutoshi wote."

Matokeo yalitoka baada ya siku kumi. Msamiati, hamsini na nane kati ya sitini, alama ya juu kuliko zote za ukumbi ule. Ufahamu, sifuri. Supavaiza ndiye aliyeileta karatasi kutoka ofisini. Alikaa nayo kando ya kiti chake, palepale alipokaa mwezi ule wa kwanza akimtazama vidole.

"Mama, mngeniuliza. Mimi ningewaambia kijitabu ni kimoja."

"Ulikiona kitabu chetu kimekatwa?"

"Nilikiona."

"Ulituona stoo?"

Kijana alikunja karatasi mara mbili. "Niliwaona."

"Basi ungetuambia."

Alirudi kwenye feni yake. Si mtu mbaya. Kwao anasaidia wadogo zake, na hana tabia ya kumtukana mtu. Sentensi moja tu ndiyo iliyotakiwa kwake, nayo ilikuwa mdomoni mwake wiki tatu.

Siku hiyohiyo mchana Mkataji alikusanya vifurushi vilivyobaki. Alivipanga kwa namba, akaviweka chini ya mashine ya kushonea turubai, akapitisha mshono mnene wa uzi mweusi. Kikawa kitabu tena, kizito upande mmoja kama mtu aliyelalia sikio. Lakini cha saba kimeondoka na mama wa kafu, na hakuna anayejua alikohamia. Cha nane kilifuliwa ndani ya mfuko wa aproni, kikawa uji. Cha tisa mtoto wa mtu alikichora jua na nyumba, na chini ya jua hakisomeki. Cha nne supavaiza alikirudisha mwenyewe, akakiacha juu ya cherehani. Kilichokosekana, kwa hiyo, ni ufahamu, karibu wote. Mama Kola alikipindua kitabu mpaka ukurasa wa watu wa mto. Wakakutana kuamua. Ukurasa wa pili ulikuwa unazungumzia nyuki.

"Bado hawajaamua," alimwambia Mkataji.

"Nani?"

"Basi tu. Endelea na kazi."

Nafasi ya pili ni wiki tano kutoka sasa, na hakuna ya tatu. Kwenye meza ya karani, mtu wa nje ameshatuma barua yake ya kuomba kazi, nakala ya cheti imebanwa juu kwa pini.

Sasa ni zamu yako. Kitabu hicho unacho. Ulikinunua ulipotaka kuingia chuo, ukapita mtihani, ukakiweka juu ya kabati kati ya kamusi na albamu ya harusi, na hujakigusa tangu siku hiyo. Ndani yake ukurasa wa watu wa mto unafuatana na ukurasa wake wa pili. Wewe unajua kama walihama. Unajua pia ukumbi ule, unajua kijitabu kina nyuma, unajua mkono haunyooshwi mpaka umegeuza ukurasa wa mwisho. Yote hayo unayajua na umeyakalia.

Kilete. Jumamosi hii, saa saba mchana, geti la nyuma la kiwanda, kwenye benchi la zege watu wanapotoka zamu. Kilete kizima, usikitume kwa mtu. Ukae naye, asome mbele yako habari moja ndefu kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuchukuliwa chochote mkononi, na Jumamosi inayofuata uje tena, mpaka zitimie tano. Utamjua kwa vidole vyake, na yeye atakujua kwa kola yako.

Hakuna anayekuandikia onyo ukitoka kwenye kiti chako. Inuka.